Mtungi Masikioni

Kwetu Chaani mchana ndio uliokuwa usiku. Baba alifanya zamu ya usiku bandarini Kilindini. Alirudi saa moja asubuhi, shati likinuka grisi na chumvi, akanywa chai na mahamri mawili, akavuta pazia. Kuanzia hapo hadi alasiri nyumba nzima tulinyata. Sufuria likianguka, mama alifumba macho kwanza ndipo akageuka kumtazama aliyeliangusha. Ajabu ni kwamba kelele za nje hazikumshughulisha baba hata kidogo. Matrela yalinguruma barabara ya Nairobi kutwa kucha, ndege za watalii zikashuka Port Reitz zikipita chini chini hadi vikombe vikalia kabatini, naye asigeuke ubavu. Lakini mtu akifungua redio, hata kwa sauti ya mbu, ungemsikia kutoka chumbani: "Nani huyo?"

Aliyeniokoa ni mjomba. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na hakuna safari aliyorudi mikono mitupu: leo pasi, kesho saa ya ukutani yenye picha ya Makka, kesho kutwa chupa ya chai. Mwaka 1985 alifungua begi lake akatoa hedifoni. Hazikuwa hizi za leo za kukunjwa zikatiwa mfukoni. Zilikuwa kama vifuu viwili vya nazi vilivyovikwa ngozi nyeusi na kushikwa na upinde wa chuma, na chini yake ukaning'inia waya wa msokoto kama wa simu ya mezani, wenye plagi nene kama kidole.

"Shika, mjomba," akaniambia. "Baba'ko alale, nawe usikize."

Plagi haikuingia kwenye redio kaseti yetu. Nilikwenda nayo hadi kwa fundi wa redio Magongo. Aliitazama mara moja, akaikata bila huruma, akauchuna waya kwa meno, akaunga plagi ndogo kwa lehemu. Nilirudi nyumbani mbio huku nimezikumbatia hedifoni kama mtoto wa paka.

Kanda ya kwanza niliyoitia ilikuwa ya Zein l'Abdin. Siku hizo kanda za taarabu ulizifuata Mji wa Kale, na nyingi kati ya zilizofika nyumbani kwetu zilikuwa na jina la Mbwana Radio Service. Zein nilikuwa nikimsikia tangu sijajua kusoma, arusini na redioni, nikadhani namjua. Kupitia spika ya redio yetu udi wake ulikuwa kama mtu anayebisha mlango wa jirani: unajua kuna mgeni, hujui ni nani. Siku ile mgeni aliingia ndani. Nilisikia risha ikiugusa uzi kabla uzi haujalia. Nilisikia vidole vikihama shingoni mwa udi, ule mkwaruzo mdogo ambao spika ilikuwa ikiuficha miaka yote. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti, nami nikaizuia yangu. Baba alikuwa akikoroma nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka nilipoketi.

Mjomba alikuwa na jina lake kwa kifaa kile. Alikiita mtungi. "Ukitia mdomo kwenye mtungi ukaimba," alisema, "wimbo ni wenu wawili, wewe na mtungi." Nimesoma mengi juu ya hedifoni tangu hapo na sijapata maelezo yanayolishinda neno hilo. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna kiwambo chembamba kinachotikisika. Kikitikisika husukuma hewa mbele, kuelekea sikioni, na nyuma vilevile. Mtengenezaji ana njia mbili. Anaweza kuuacha mgongo wa kikombe wazi, wenye matundu kama kikapu. Sauti ya nyuma ikajiendea zake, muziki ukasikika kama uko sebuleni nawe, ila kelele za nje nazo zikaingia kwa matundu yaleyale. Au anaweza kuuziba. Hapo kelele hubaki nje na muziki ndani, lakini sauti ya nyuma haina tena pa kwenda, hugonga ukuta wa kikombe ikarudi. Ndiyo maana hedifoni mbovu za kuzibwa huimba kama mtu aliye ndani ya pipa. Kazi kubwa ya ufundi hapo ni kuumeza huo mwangwi.

Dunia imepita njia zote mbili. Marekani, John Koss alitoa hedifoni zake za stereo za kusikizia muziki mwaka 1958. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikaja na zile za wazi, HD 414, mwaka 1968. Tarehe 1 Julai 1979 Sony wakaanza kuuza Walkman, na pamoja nayo vile vihedifoni vyepesi vya sponji vilivyokuwa fahari ya kila kijana mtaani kwetu mwenye ndugu Arabuni. Nami nilivitamani, nisiseme uongo. Lakini visingenifaa, kwa kuwa vinavuja. Aliyeketi kando yako husikia tsi-tsi-tsi ya ngoma, na baba yangu angeamka kwa tsi ya kwanza.

Mtungi wa mjomba ulikufa kifo cha vyuma vyote vya pwani: kutu. Upinde uliliwa na chumvi ukakatika, na mimi nikawa mtu mzima mwenye redio yake na sauti aitakayo.

Nilipopata kazi mjini nilipanga chumba Likoni, kwa sababu ileile inayowapeleka watu wengi Likoni, kodi. Asubuhi navuka, jioni navuka. Mwenye miguu halipi nauli ya feri, hulipa kwa kungoja. Hesabu inayotajwa sana ni ya watu zaidi ya 300,000 kwa siku katika kivuko kile, na nusu yao, nilivyoona mimi, walikuwa mbele yangu kila jioni. Maji yenyewe si mapana, kama nusu kilomita hivi, lakini kungoja, kuingia, kusongamana na kutoka kulinimalizia saa nzima. Nikaamua kununua hedifoni za safari.

Kwanza nilitapeliwa, kama inavyopaswa. Duka nililonunulia lilinipa boksi zuri lenye jina kubwa. Ndani mlikuwa na plastiki tupu iliyotiwa kipande cha chuma ili iwe nzito mkononi. Kile chuma nilikigundua nilipoifungua kwa bisibisi baada ya wiki mbili. Baadaye nikapata Sony MDR-7506 za mkono wa pili kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kunasa sauti. Aina hiyo iko sokoni tangu 1991 na mabingwa wa studio wanaijua kama mpishi anavyojua mwiko wake. Vikombe vimezibwa, zinakunjika, uzito wake haufiki robo kilo, na ukinzani wake ni omu 63, kiasi ambacho simu ya kawaida inakimudu. Ukiuliza muuzaji yeyote atakwambia hizo ndizo za kutembea nazo.

Ila zina kitu kimoja kutoka kwa mtungi wa mjomba: waya wa msokoto. Ukiuvuta unafika mita tatu. Ukiuacha unajikunja kifuani kama matumbo ya kuku.

Jioni moja feri iligota upande wa Likoni, ulimi ukashuka, umati ukamwagika. Mimi nilikuwa katikati ya wimbo wa bango, na masikioni mwangu hapakuwa na kingine ila saksofoni. Sasa, mkokoteni ukitoka ferini haupunguzi mwendo. Mbele kuna mlima wa kupandia barabarani, na mwenye mkokoteni asipokimbia tangu chini mzigo utamrudisha majini. Kwa hiyo hukimbia huku akipiga kelele, "Habedari! Habedari!", na watu hupasuka njia mbili bila hata kugeuka kumwona. Wote walipasuka. Nilibaki mimi peke yangu nikitembea taratibu kwa mdundo wa bango. Mkono wa mtu ulinikamata ukosi ukanivuta pembeni, na palepale kitu kikaninyakua kichwa. Mpini wa mkokoteni ulikuwa umeunasa waya. Hedifoni zilipanda mlima wa Likoni nyuma ya magunia ya viazi, zikirukaruka kama samaki.

Aliyenivuta alikuwa mama wa makamo, kikapu kichwani, hakikumwagika hata ndimu moja. Alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira.

"Mwanangu, Mungu kakupa masikio bure, wayaziba kwa pesa?"

"Samahani, mama. Sikusikia."

"Najua hukusikia. Ndiyo nakuuliza."

Hamali alinisubiri juu, jasho likimtiririka, hedifoni mkononi. "Redio yako hii, kaka," akasema, akasukuma mkokoteni wake akaenda.

Baadaye nilianza kuwatazama watu wazima wa Likoni ndani ya feri, nikaona kwamba hakuna mzee anayeziba masikio. Wanasikiliza. Injini ikibadilisha mlio, vichwa vinainuka. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaza watu kupita kiasi, ilipinduka asubuhi karibu na ufuo wakafa watu 272. Aliyeishi ng'ambo ile wakati huo hahitaji kuambiwa kwamba sauti za chombo ni habari.

Kisha kuna jambo dogo la wezi. Waya unaoshuka kutoka kichwani hadi mfukoni ni ramani. Humwonyesha mwizi simu iko mfuko gani, na vile vikombe vikubwa humhakikishia kwamba mwenye simu hatasikia nyayo.

Mwenzangu mmoja kazini aliponiona nimeacha kuzivaa aliniazima zake za kisasa, zisizo na waya, zinazofuta kelele kwa umeme. Nilivuka nazo siku tatu. Fikra ya kifaa hicho ni nzuri: maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje, na hedifoni hutoa wimbi lililo kinyume chake, mlima pakawa bonde, bonde pakawa mlima, yakikutana yanafutana. Amar Bose, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT, alilipata wazo lake ndani ya ndege akitoka Zurich mwaka 1978, na kampuni yake ilianza kuwauzia watu wa kawaida hedifoni za QuietComfort mwaka 2000. Ujanja huo huweza zaidi sauti nene isiyobadilika: ndege, feni, jenereta, dizeli ya feri. Injini ilitoweka kana kwamba tunavuka kwa tanga. Sauti za watu hazikutoweka, zilipungua tu, na "habedari" ilinifikia. Kwa safari hizo ni bora kuliko za kuzibwa tupu, hilo nakubali. Lakini masikio yangu yalihisi kama niliyepiga mbizi maji yakaingia, na siku ya tatu betri ilikwisha katikati ya kivuko. Nikamrudishia. Mwenzangu alidhani najidai.

Nilipooa tulihamia Mtopanga, Kisauni. Nyumba yetu ni ya vyumba vinavyotazamana ukumbini, paa moja la mabati, na kuta ambazo hazifiki juu. Mwenye kuishi nyumba ya namna hii anajua kwamba sauti haipiti mlangoni, hupita juu ya ukuta. Jirani akipiga chafya mkono wa kushoto, wa mkono wa kulia anasema "yarhamukallah". Kulikuwa na kijana wa Bongo Fleva, kulikuwa na mama mwenye tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kiswahili, kulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi anayehitaji kulala, na feni nne zisizokubaliana mdundo. Spika yangu iligeuka kero siku ya pili.

Ndipo zile Sony za safari, zenye kovu la mkokoteni kwenye kikombe cha kushoto, zilipopata kazi yao. Nyumbani hakuna habedari. Hakuna wa kuninasa waya, na zile mita tatu zinafika hadi kitandani. Nilichodhani ni kifaa cha kujikinga na watu barabarani kikawa kifaa cha kuwakinga watu nami. Kijana wa Bongo Fleva alinunua zake baada ya mwezi, sikumwambia kitu.

Rafiki yangu anayerekodi kaswida chumbani kwake, Mwandoni, aliniazima Beyerdynamic DT 770 ili nilinganishe. Hizi ni za Kijerumani, za Heilbronn, zilitoka mara ya kwanza 1985, mwaka uleule wa mtungi wa mjomba, jambo lililonifurahisha zaidi ya inavyostahili. Zake zilikuwa za omu 250. Niliziunganisha na simu, nikapandisha sauti hadi mwisho, na kaswida ikatoka kama inasomwa kisima cha pili. Si kosa la hedifoni. Zinahitaji msukumo ambao simu haina. Rafiki yangu alicheka akanipa amplifaya yake ndogo, na hapo ndipo zilipoamka. Kiwanda hicho hutengeneza pia za omu 80 na omu 32. Anayetaka kutumia simu achukue za omu chache, asije akalaumu Ujerumani nzima kwa kosa la kusoma boksi vibaya.

Kwa kulinganisha nilitumia muziki ninaoujua hadi mikwaruzo yake. Wa kwanza ni Zein. Wa pili ni bango la Mzee Ngala, mtu wa Frere Town, kitongoji kilichoanzishwa na wamishenari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na ambacho napita kando yake kila siku nikienda mjini. Sony humleta mwimbaji mbele, karibu kukukalia mapajani. Kosa lolote la kurekodi utalisikia, ndiyo kazi iliyoundiwa. Ukisikiliza saa mbili mfululizo, zile s na sh huanza kuchoma. DT 770 zina besi ya kushuka chini kabisa na nafasi kubwa zaidi kati ya chombo na chombo. Saksofoni ya Mzee Ngala ilisimama mahali pake, ngoma mahali pake. Lakini mwimbaji hurudi nyuma hatua moja, na sauti za juu nazo zina makali yake. Kwa udi nilipenda Sony. Kwa chochote chenye ngoma, za Mwandoni.

Mke wangu nilimpa avae anipe rai yake. Akazivaa juu ya mtandio, akasikiliza nusu dakika.

"Mbona besi hamna? Nyembamba hivi."

Nikajibu kwa ile jeuri ya mtu aliyesoma makala mbili. Nilimwambia masikio yake yamezoea spika za arusi. Hakunijibu. Aliuvuta mtandio nyuma, akaviweka vikombe kwenye ngozi, akakaa kimya hadi wimbo ukaisha. "Sasa ipo," akasema, akanirudishia.

Alikuwa sahihi, nami ilinichukua wiki kulielewa vizuri. Besi ya hedifoni hizi iko kwenye muhuri. Kikombe kisipokaza pande zote, hewa inavuja na sauti nene ndiyo ya kwanza kutoroka. Hubaki ile nyembamba. Mtandio, nywele nyingi, hata mikono ya miwani inatosha kuuvunja. Nilivaa miwani yangu ya kusomea nikajaribu: ngoma za Mzee Ngala zilipungua palepale, nikavua zikarudi. Wanaopima hedifoni kwa maneno mtandaoni na kugombana kama washabiki wa mpira, huenda nusu yao wanagombania vichwa vyao tu.

Pwani ina jaribio lake jingine ambalo siamini watengenezaji wa Tokyo na Heilbronn walilifikiria. Jasho. Mito ya Sony imevikwa ngozi bandia. Mwezi wa Februari, feni ikiwa inazungusha joto lilelile, ngozi hiyo ililowa kila usiku ikakauka kila asubuhi, na kabla mwaka haujaisha ilianza kumeguka. Nilikwenda kazini wiki nzima nikiwa na magamba meusi kwenye mashavu, hakuna aliyeniambia, hadi mwenye kuuza mkate wa mayai kituoni aliponiuliza kama ninachoma makaa. Fundi cherehani wa mtaani akanishonea vifuniko vya taulo. Vilikuwa vizuri kweli, vyenye pindo la rangi ya samawati, na vilikunywa jasho lote. Besi nayo vilikunywa: taulo linapitisha hewa, muhuri umekwenda. Niliishia kuagiza mito mipya Nairobi. Ile ya DT 770 ni ya kitambaa kama mahameli, haimeguki, na nimeona inavumilia zaidi, ingawa baada ya msimu wa kaskazi inahitaji kufuliwa au itanuka kama kofia ya hamali.

Kwa barabarani sasa nina jibu langu, na nililipata kwa mpiga muziki wa arusi. Alikuwa na Sennheiser HD 25, aina iliyopo tangu 1988, yenye gramu 140 tu bila waya, na kikombe kimoja kinazunguka kuliacha sikio. Ma-DJ hukizungusha ili wasikie ukumbi. Mimi nakizungusha ili niisikie Kisauni. Kwenye matatu ya kwenda mjini navaa vikombe vyote viwili, kwa sababu kuna hatari nyingine: matatu zetu zina spika zao, na mwenye visikizi vinavyovuja hupandisha sauti yake ipite ya gari. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linavumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Ukifika 89, umebakiwa na saa tano. Mtungi uliozibwa vizuri hukuwezesha kuteremsha sauti, na hiyo ndiyo sababu pekee ninayoikubali ya kuziba masikio barabarani. Wakati wa kurudi, nikishuka daraja la Nyali, kabla ya Kongowea, nazungusha kikombe cha kulia. Sikio moja lina Zein, jingine lina pikipiki na makanga na mtu anayeuza maji.

Mpwa wangu aliniuliza juzi anunue zipi, ana pesa za hedifoni moja tu. Nilimuuliza anakaa na nani chumbani. Alidhani nakwepa swali.

Za Mwandoni nilizirudisha, nikanunua zangu za omu 80. Mwaka jana rafiki yangu yule alinihamishia kwenye simu kanda moja ya mjomba, arusi iliyofanywa Chaani miaka ileile ya themanini, mtu kaweka redio kaseti mbele ya wapigaji akabonyeza kitufe. Rekodi mbaya: udi uko mbali, vigelegele viko karibu mno, kuna mtoto analia tangu mwanzo hadi mwisho. Niliisikiliza saa saba usiku, nyumba nzima imelala. Katikati ya wimbo wa tatu nikasikia ngurumo. Ilianza chini sana, chini ya udi, ikapanda polepole. Nikavua hedifoni nikasikiliza nje. Feni nne. Mwanafunzi wa uuguzi akajigeuza kitandani, chuma kikalia. Juu ya Mtopanga hapakuwa na ndege.

Nikazivaa tena, nikaondoa miwani, nikabana vikombe kwa viganja viwili. Ilikuwa ndani ya kanda, ikielekea Port Reitz, na wapigaji hawakuisimamishia wimbo. Nikarudisha nyuma dakika moja nikaingoja ishuke tena.